Neno "Mgeni" katika Matangazo ya Kazi na ya Nyumba



Mtu apimaye maandishi huchukua kwa kawaida kitabu, au hadithi, au mchezo wa kuigiza, akatuonyesha uzuri wake na ubaya wake. Leo sisi twataka kupima maandishi mafupi kuliko hayo yote. Hayana jina la mwandishi, hayauzwi dukani, wala hakuna ayawekaye kabatini. Hata hivyo, katika miji yetu ya Butembo na Beni, na hapa Mutwanga chini ya mlima Ruwenzori, yasomwa hata na watu wasiofungua kitabu mwaka mzima. Hayo ni matangazo: karatasi ibandikwayo ukutani kumtafuta mfanya kazi, na kibao kitundikwacho langoni kumtafuta mpangaji. Siku hizi yapita pia katika simu, kutoka mkono hata mkono.

Kwa nini tuyapime? Kwa sababu kitabu kibaya mtu aweza kukifunga akaenda zake. Bali tangazo baya lafunga mlango wa chakula na mlango wa malazi. Maneno matatu ya tangazo yaweza kumlaza nje mama pamoja na watoto wake. Basi, maandishi yenye nguvu namna hiyo yastahili kusomwa kwa uangalifu, neno kwa neno, kama vile tusomavyo barua ya hukumu. Hapa chini tumetunga matangazo matatu ya mfano. Hatukuyaandika ili kumsuta mtu fulani. Lakini msomaji atayatambua mara moja, kwa maana namna zake azijua.

Tangazo la kwanza lasema hivi: "Anatafutwa mlinzi wa usiku. Wenyeji tu."

Tazameni jinsi lilivyo. Neno la kwanza laeleza kazi, neno la mwisho laeleza kuzaliwa, na katikati hamna kitu. Halisemi kwamba mlinzi awe mwaminifu, asiwe mlevi, asilale kazini, aletee barua ya mtu aliyemtumikia zamani. Mwandishi amedhani kwamba neno "mwenyeji" limekwisha kusema hayo yote. Je, ni kweli? Kijiji gani kisicho na mwizi wake mwenyewe, aliyezaliwa pale pale na kubatizwa pale pale? Kazi ya tangazo la kazi ni kumpata afaaye. Tangazo hili halikumtafuta afaaye, limemtafuta aliye karibu. Hata kabla hatujauliza kama ni dhambi, twaona ya kuwa ni maandishi mabovu, kwa sababu hayatimizi shughuli ambayo yaliandikiwa.

Tena, mwenyeji ni nani? Wa avenyi hii? Wa kijiji? Wa sekta ya Ruwenzori? Wa wilaya ya Beni? Wa nchi nzima? Tangazo halisemi, na kutosema huko ndiko nguvu yake, maana mwenye kazi aweza kulivuta neno kama kamba, leo refu, kesho fupi, kwa kadiri ya mtu asimamaye mbele yake. Hapa kwetu kamba hiyo yafaa kushikwa kwa haya. Wakulima wengi wa bonde la Semliki ni watoto na wajukuu wa watu walioshuka kutoka milima ya Lubero kutafuta ardhi. Na wazee wa Wanande husimulia kwamba hata babu zao wa kale walitoka ng'ambo, upande wa mashariki, wakavuka Semliki. Basi tukianza kuhesabu ni nani alitangulia, wengi wetu tutajikuta nje ya lango tulilolifunga wenyewe.

Tangazo la pili: "Nyumba ya kupangisha. Vyumba viwili na sebule, umeme upo. Garanti ya miezi mitatu. Wageni na wakimbizi hapana."

Mwanzo wake ni mzuri. Lahesabu vyumba, lataja umeme, lasema fedha wazi. Mtu ajua aingie au apite. Kisha, ghafula, laacha kusema habari za nyumba na kuanza kusema habari za binadamu. Tumwulize mwandishi: neno hilo la mwisho lafanya kazi gani? Ukisema waogopa kutolipwa, garanti imekwisha kujibu. Mtu aliyetoa miezi mitatu mbele amekwisha kuonyesha uwezo wake. Ukisema waogopa nyumba kuharibiwa, andika mapatano mbele ya mashahidi. Tukiondoa hofu hizo mbili, neno la mwisho labaki bila kazi yo yote isipokuwa moja, yaani kudharau. Tena hudharau watu wawili kwa pamoja: mgeni kwa sababu ametoka mbali, na mkimbizi kwa sababu ameteswa. Wa pili huyo amefukuzwa na bunduki, na sasa afukuzwa na kibao.

Twajua pia ya kwamba mara nyingi neno hilo halionekani kwenye kibao. Kibao husema "nyumba ipo", na komisionere ndiye aambiwaye sikioni ni kabila gani lisiletwe. Hilo ni tangazo vile vile, ila limeandikwa katika sikio la mtu. Mtafuta nyumba azungushwa siku tatu, alipa fedha za kutembezwa, na kila mahali aambiwa kwamba nyumba imechukuliwa jana. Tangazo la wazi lina ubaya wake, lakini halimlipishi mtu fedha ili adanganywe.

Tangazo la tatu ni jepesi zaidi, lina adabu: "Mwombaji awe anajulikana mahali hapa, na ajue lugha ya hapa."

Hapa yatupasa kupima kwa mizani ya haki, maana sharti la lugha laweza kuwa la kweli. Mwuguzi atakayewahudumia bibi zetu wasiojua ila Kinande, asipoijua lugha hiyo ataandika ugonjwa usio wao. Mwalimu wa watoto wadogo ni vivyo hivyo. Lakini dereva wa kupeleka kakao Kasindi, mwenye kusema Kiswahili safi, Kinande kitamsaidia nini kwenye usukani? Fundi wa umeme, je, waya zauliza kabila? Basi kuna njia nyepesi ya kulijaribu kila sharti. Liondoe, kisha uulize: kazi itaharibika? Ikiwa itaharibika, sharti ni la haki, liache. Ikiwa haitaharibika, ujue sharti hilo halikuwekwa kwa ajili ya kazi. Liliwekwa kwa ajili ya kumzuia mtu ambaye hukutaka kumtaja.

Sasa tulitazame neno lenyewe, "mgeni". Mfaransa ana neno moja kwa mtu atokaye nchi nyingine, na neno jingine kwa mtu aliyealikwa mezani. Kiswahili hakikutenga. Mtu yule yule atokaye mbali ndiye akaribishwaye. Mwenye hoteli aandikapo "Karibuni wageni", na mwenye nyumba aandikapo "Wageni hapana", wametumia neno moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza anamtazama kama mlango wa baraka, na wa pili kama mlango wa hasara. Lugha yetu ilichagua zamani. Matangazo ya namna hiyo yaivunja lugha kabla ya kuivunja sheria.

Wengine watajibu kwa mithali: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Huisema kwa kicheko, wakidhani maana yake ni kwamba mgeni akichelewa afukuzwe. Someni tena. Mithali haisemi "mpe fimbo", wala haisemi "mwonyeshe njia". Yasema apewe jembe. Na jembe ni nini isipokuwa kazi? Mtu asiyetakiwa hapewi jembe, kwa maana jembe lina shamba, na shamba lina mavuno ambayo hutegemewa mtu ayangojee. Wahenga walikuwa wakitufundisha kwamba siku ya tatu mgeni huacha kulishwa kama mtoto na kuanza kujilisha kama mtu mzima kati ya watu wazima. Yaani, wahenga waliagiza kile kile ambacho tangazo la "wenyeji tu" lakataza. Atakayeitumia mithali hiyo dhidi ya mgeni ameikata mkia.

Lakini tusiwe watu wa haki nusu. Kuna kilio upande wa pili, nacho si cha bure. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ulipoonekana Mangina katika wilaya ya Beni. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Katika miezi hiyo yalifika magari mengi na mishahara ambayo haikuwa imeonekana, pamoja na watu kutoka Kinshasa na kutoka nchi za nje. Watu wengi wa Beni na Butembo walilalamika: kazi zapewa watu wa mbali, na vijana wetu wenye diploma wabaki barazani wakitazama magari yapitayo. Je, walikosea kulalamika? Hapana. Kijana aliyesoma kwa jasho la mama yake, akaona kazi aiwezayo imepita juu ya kichwa chake bila kutangazwa, ana haki ya kuuliza. Mkubwa aletaye ndugu zake kutoka mbali pasipo kubandika karatasi mahali po pote, naye ameandika "wenyeji tu": wenyeji wa nyumba yake mwenyewe. Dhambi ni ile ile, ila imevaa suti.

Dawa ya kosa hilo ni kutangaza kazi wazi, kwa muda wa kutosha, na kuchagua mbele ya mashahidi. Si kumchukia aliyekuja. Maana chuki haijui kuchagua. Tarehe 19 Aprili 2019, nayo ilikuwa siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko Kiboung, Mkameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupigana na Ebola. Hatusemi kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani ndiyo iliyomwua. Walioua walikuwa na bunduki, nao watajibu mbele ya Mungu. Lakini twasema hivi: katika miezi ile neno "mgeni" lilikuwa limegeuka kuwa mashtaka midomoni mwa wengi, nalo likiisha kuwa mashtaka, hapakosekani mtu wa kujifanya hakimu.

Tena tukumbuke jambo jingine la siku zile. Chanjo ya Ebola ilijaribiwa kwa watu wa Guinea mwaka 2015, katika msiba wao. Ugonjwa ulipotufikia, walikuja Waguinea waliokwisha kuijua kazi ile, wakachanja pamoja na watu wetu na kuwafundisha. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kama langoni mwa Beni pangetundikwa kibao cha "wenyeji tu", tungalizika wangapi zaidi?

Na sheria yasemaje? Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, yakataza mtu kudhulumiwa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake. Kifungu cha 30 chatoa ruhusa kwa kila mtu aliye nchini kwenda na kukaa apendapo, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 32 chamlinda mgeni aliye nchini kwa haki, yeye na mali yake. Kifungu cha 13 chakataza Mkongomani ye yote kubaguliwa kwa kabila, kwa ukoo, kwa dini au kwa mahali akaapo. Mapatano ya mwaka 1958 ya Shirika la Kazi la Dunia yakataza ubaguzi katika kuajiri kwa sababu ya taifa alikotoka mtu au ukoo wake, na Kongo iliyathibitisha mwaka 2001. Mwaka uliofuata, siku moja, tarehe 16 Oktoba 2002, zilitolewa sheria mbili: moja ya kazi, na moja ya wakimbizi.

Ni kweli kwamba Serikali yaweka kiasi cha wageni ambao kampuni yaweza kuwaajiri, na yadai karata ya kazi kwa mtu wa nchi nyingine. Nchi nyingi hufanya hivyo, nasi hatulaumu. Lakini angalieni tofauti. Sheria hiyo ina hesabu, ina ofisi, ina mahali pa kwenda kulalamika. Nayo yahusu mtu wa nchi nyingine. Haimhusu Mkongomani wa Bunia, wa Masisi au wa Kasai. Mwenye lango hakupewa mamlaka ya Serikali. Atundikapo kibao chake juu ya Wakongomani wenzake ameiandika sheria peke yake, ameipitisha peke yake, na kuitimiza peke yake, jioni moja, kwa kipande cha ubao na rangi.

Twasikia sasa jibu lililo zito kuliko yote: hofu. Watu wasema, "Ninyi mwaandika tu, sisi tumezika watu wetu. Muuaji alikuja kama mpangaji." Hatuwezi kulidharau neno hilo. Sekta ya Ruwenzori imelia sana tangu mwaka 2020, na kabla ya hapo wilaya ya Beni ililia tangu 2014. Mtu aliyeona kijiji kikichomwa hana budi kuwa na macho makali. Lakini twauliza: je, kibao hicho kinamzuia muuaji? Wauaji hawana kabila moja wala lugha moja; wamo waliotoka ng'ambo, na wamo waliozaliwa kwetu. Muuaji hasomi kibao akatii. Anayekitii ni mama mwenye watoto watatu na godoro moja kichwani.

Kumjua mtu na kumkataa mtu ni mambo mawili. Kumjua ni wajibu: uliza kitambulisho, mpeleke kwa nyumbakumi na kwa shefu wa kartie aandikwe, uliza alikotoka na nani amjuaye, andikeni mapatano. Ikiwa ni mkristo, aonyeshe barua ya paroko wake. Hayo humpasa kila mpangaji, wa karibu na wa mbali, na mtu mwema hayakatai. Mwenye nyumba anayempokea "mwenyeji" bila kuuliza neno, kwa sababu tu lafudhi yake ni ya nyumbani, ndiye aliyemwachia muuaji mlango wazi. Kwa hiyo kibao cha "wageni hapana" hakimlindi hata mwenye kukitundika. Chamlaza usingizi akidhani yu macho.

Sasa tugeuze kioo. Mwezi wa Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwa siku chache, wakaingia Bundibugyo katika Uganda. Walikuwa ndugu zetu, wengine jamaa za nyumba zetu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mkimbizi ruhusa ya kutafuta kazi na kutembea nchini. Je, tulifurahi waliporuhusiwa kulima na kufanya biashara? Tulifurahi. Mwaka 2014, wakuu wa Brazzaville walipowafukuza Wakongomani wa upande wetu, zaidi ya 100,000 wakavuka mto na mizigo yao, je, tulinyamaza? Hatukunyamaza, tulisema ni uonevu. Na mwezi wa Mei 2008 huko Afrika Kusini, wageni walipopigwa na kuchomwa, wakafa watu zaidi ya 60, hatukusema "wenyeji wana haki yao". Basi tuna mizani mbili katika duka moja: ya kununulia na ya kuuzia. Maandiko Matakatifu yamesema mengi juu ya mfanya biashara wa namna hiyo.

Uingereza nayo ilikuwa na vibao vyake. Baada ya vita kuu ya pili watu weusi walifika huko kutoka visiwa vya Karibi kufanya kazi, na madirishani mwa nyumba za kupanga walikuta maneno ya kuwakataa. Hata Waairishi, Wakatoliki wenzetu, waliyajua maneno ya namna hiyo. Sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi, ya mwaka 1965, ilihusu mahali pa watu wote, kama hoteli na mikahawa. Nyumba na kazi haikuzigusa. Ikabidi kuitunga nyingine mwaka 1968, iliyokataza ubaguzi katika kazi na nyumba, na katika matangazo yenyewe. Hapo pana fundisho. Ni rahisi kumkaribisha mgeni anywe chai kisha aende zake. Shida ni pale atakapo kukaa na kufanya kazi.

Na kwetu, wazee wakumbuka mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa wananchi. Wengi walipiga makofi. Baada ya muda si mrefu maduka yalikuwa matupu, mashamba mengi ya kahawa yakawa pori, na Serikali yenyewe ikaanza kuwarudishia wageni mali yao. Waliopata walikuwa wakubwa wachache; mwananchi wa kawaida alibaki bila sukari na bila chumvi. Neno "mwananchi" liliandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango, na ndani hamkuwa na kitu.

Hapa Mutwanga yafaa tujitazame zaidi. Tangu mwaka 2013 tuna umeme utokanao na maji ya mlima, na kwa umeme huo pana kiwanda cha sabuni na viwanda vingine. Maji ni ya kwetu. Maarifa na mashine zilitoka katika mikono mingi, ya hapa na ya mbali. Hata mashamba yetu, tuyaulize. Kakao tunayouza ilitoka Amerika. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika vile vile, na haragwe pia. Kama udongo wetu ungetundika tangazo la "wenyeji tu", tungepika nini jioni hii?

Mama Kanisa hakunyamaza. Katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, fungu la 66, yafundisha kwamba mfanya kazi aliyetoka nchi nyingine au jimbo jingine asibaguliwe katika mshahara wala katika hali ya kazi. Asihesabiwe kama chombo cha kuleta mali bali kama mtu. Tena asaidiwe kukaa na jamaa yake na kupata nyumba ya kufaa. Ndugu msomaji, angalia: kazi na nyumba zimetajwa pamoja, mahali pamoja. Na Mtaguso haukusema "nchi nyingine" tu. Umeongeza "jimbo jingine". Mzee wetu wa milimani na mkimbizi wa Lubero wamo ndani ya neno hilo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya tarehe 3 Oktoba 2020 juu ya udugu, alitupeleka kwa yule Msamaria. Tukumbuke ya kuwa Msamaria ndiye aliyekuwa mgeni katika mfano ule. Kama njia ya Yeriko ingekuwa na kibao, asingepita, na yule mwenyeji angefia shimoni.

Zamani Mungu aliwaagiza Waisraeli, katika kitabu cha Walawi, wampende mgeni akaaye kwao kama wajipendavyo, akawapa sababu moja tu: wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Hakuwaambia kwamba mgeni ni mwema siku zote. Aliwakumbusha historia yao.

Basi tufanye nini? Tutoe shauri la namna tatu.

Kwanza, waandikao matangazo ya kazi wataje kazi, siku, saa, mshahara ikiwezekana, na sifa ambazo kazi yenyewe yazidai. Lile la kwanza tungaliandika hivi: "Anatafutwa mlinzi wa usiku. Awe mwaminifu, asiwe mlevi, alete kitambulisho na barua ya mtu aliyemtumikia au ya shefu wake. Majibu yatatolewa mbele ya waombaji wote." Tazameni: ni refu kidogo, lakini mwenye kazi amelindwa vizuri zaidi kuliko alivyolindwa na neno "wenyeji". Na kijana wa hapa hakupoteza kitu. Kama ndiye afaaye, atapata.

Pili, wenye nyumba wataje nyumba, fedha na masharti ya kukaa. Wakome hapo. Kuhusu mtu, waongee na mtu mwenyewe akiisha kufika. Na makomisionere Wakristo wasikubali kubeba neno la siri. Fedha ya kumzungusha mtu ukijua kwamba hatapata ni fedha ya uwongo, nayo ni jambo la kuungama.

Tatu, ubao wa matangazo ulio mlangoni mwa kanisa. Twasema bila kuficha: karatasi isemayo "wageni hapana" isibandikwe pale, wala isisomwe baada ya Misa, hata kama mwenyewe ni mfadhili mkubwa wa parokia. Halmashauri ya parokia ichague watu wawili wa kusoma kila karatasi kabla haijabandikwa. Mwenye karatasi mbaya asiaibishwe. Aitwe kando, aonyeshwe neno, asaidiwe kuliandika upya. Mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari, na mwaka uliotangulia Kanyabayonga ilipoanguka, wakimbizi walifika Butembo na vijiji vyetu, na wengi wao mahali pa kwanza walipouliza njia palikuwa kanisani. Haifai mtu atoke kusikia Injili ya Mathayo, sura ya 25, juu ya mgeni aliyekaribishwa, na mlangoni akutane na karatasi iikanayo.

Bibi Maria na Mtakatifu Yosefu walikosa nafasi Betlehemu, kisha wakakimbilia Misri. Mwaka 1952 Papa Pio wa kumi na mbili, katika barua yake juu ya wahamaji, aliiweka Jamaa hiyo Takatifu iwe mfano na kinga ya wakimbizi wote. Maandiko hayasemi Yosefu alipata kazi gani huko Misri, wala nyumba ya nani. Lakini alipata, kwa maana Mtoto aliishi mpaka wakarudi Nazareti. Kuna Mmisri mmoja, jina lake hatulijui, aliyempa seremala mgeni kazi ya kufanya. Na mwingine aliyempa chumba. Ndugu wasomaji, kesho mtakaposhika kalamu kuandika tangazo, andikeni kama wale Wamisri wawili.